Mnunuzi Aliyeniambia Niepue Kahawa

Kaa nikuhadithie. Lakini kwanza tuelewane. Hiki ninachokwambia sikukisikia kwa jirani, wala hakuna aliyenisimulia mimi nikaongeza chumvi. Kilinikuta mimi mwenyewe, mchana, jua likiwa utosini, nyumbani kwangu Nyamisangura, pale Tarime mjini. Sikuwa na homa. Pombe niliacha tangu nilipookoka. Kama huniamini kamuulize Chacha dalali, yuko hai, kila siku yupo pale sokoni anazungusha funguo za nyumba za watu kidoleni. Yeye atakwambia nusu. Nusu ya pili naijua mimi peke yangu, na leo nitakupa yote.

Nyumba yenyewe ilikuwa nzuri, sijisifu bure. Vyumba vitatu na sebule, bati zima, sakafu ya saruji. Tuliijenga na mzee wangu, yeye anapiga tofali, mimi nabeba maji kichwani, na mimba juu. Sasa mzee alipofariki nikabaki mule ndani naongea na kuku. Mtoto wangu ni mmoja tu, Robhi, kaolewa Mbalibali, huko Serengeti, ana watoto wanne. Akanipigia simu, akasema, "Mama, uza hiyo nyumba uje tukae wote. Nitakujengea chumba ubavuni mwa changu. Watoto wanakuulizia kila siku."

Nakwambia nilicheza peke yangu uani. Mimi sikutaka kitu kingine duniani. Nilitaka kulala wajukuu wamenizunguka, huyu ananipiga teke, huyu ananikojolea, ndiyo uzee wenyewe huo. Lakini chumba hakijengwi kwa maneno, na mkwe wangu ni mtu wa jembe, hana cha ziada. Lazima nyumba iuzwe kwanza. Hiyo ndiyo shida iliyonifanya niingie kwenye haya yote.

Basi Chacha akaja akapiga picha na simu yake, akazirusha huko wanakorushaga. Watu wakaja. Wengi, nisikudanganye. Anaingia mtu na mke wake, wanacheka, wanasifia mlango, wanagusa ukuta. Wakifika kwenye korido, mke anamwangalia mume. Mume anasema, "Haya mama, tutakupigia." Hakuna aliyepiga. Maana picha hainuki, unanielewa? Picha ni picha.

Siku moja Chacha akanivuta pembeni. Huyu ni mtoto niliyemfuta kamasi kwa kanga yangu.

"Bibi, usinichukie. Nyumba inanuka."

"Inanuka nini?"

"Sijui nisemeje. Kama nyama iliyosahaulika kwenye debe. Inatokea chumba cha nyuma."

"Mura, kijana wewe, ulilelewa na nani? Nyumba ya mjane unaiambia inanuka?"

"Bibi, hata mimi nikiingia nameza mate mara tatu."

Nilikasirika nikataka kumfukuza. Kile chumba cha nyuma ndicho alichougulia mzee. Alikuwa na sukari, mguu ukapata kidonda, kidonda kikagoma kupona. Lakini alishazikwa, godoro lilichomwa, ukuta nilipaka chokaa, sakafu nilisugua na dawa ya chooni mpaka ngozi ya mikono ikatoka. Mimi sikuwa nasikia harufu yoyote tena. Nikasema hawa ni watu wa mjini, pua zao za kitajiri.

Chacha akacheka, akakaa kwenye kigoda, akanipa shule. Akasema, "Sikiliza. Mnunuzi hanunui bati. Mnunuzi anaingia, pua inamwambia moyo, moyo unamwambia mkono. Akisikia chakula kinapikwa, anajiona yeye na watoto wake wamekaa hapa wanakula. Akisikia uvundo, hata ukimpa bure anakimbia. Kesho nakuletea mwalimu mmoja. Pika kitu kinukie mpaka barabarani."

Kitu kinukie mpaka barabarani. Sasa wewe niambie, mimi Mkurya, nimeambiwa nipike kinachonukia, nitapika nini? Niliamka alfajiri nikaenda machinjioni nikachukua utumbo wa mbuzi. Nikapika kichuri. Unakijua? Unakamua yale majani mabichi yaliyo tumboni mwa mbuzi, ambayo hajamaliza kuyatafuna, unapata maji ya kijani, unatia na nyongo, unachemsha na utumbo mpaka inakuwa nzito, chungu, tamu sana. Kwetu mgeni wa heshima ndiyo anapewa hicho. Nyumba nzima ikajaa. Mimi mwenyewe udenda unanitoka.

Mwalimu akaja, mtu wa Singida, mpole, amevaa tai. Akavuta pumzi moja pale mlangoni. Nikaona macho yanamtoka maji.

"Karibu baba, karibu ndani."

"Asante mama, mimi nitaangalia kwa nje tu."

Akazunguka nyumba mbio mbio kama anayehesabu madirisha, akapanda bodaboda. Chacha alikaa chini kabisa, kwenye udongo, akacheka mpaka akakohoa. "Bibi, umempikia mwalimu mavi ya mbuzi." Nikamwambia, kule kwenu mlikuwa mnakula nini, keki? Na mimi nikacheka. Nilikuwa bado nacheka siku zile.

Safari ya pili Chacha hakuniachia. Alileta mwenyewe buni ya kahawa, iliki, na ngano. Akasema anakuja nesi, mtu wa Bukoba, hawa kahawa wamezaliwa nayo. Nikakaanga buni kwenye chungu taratibu, nikatwanga, nikachemsha. Pembeni nikakaanga maandazi ya iliki. Nakwambia hata mimi niliipenda nyumba yangu upya. Yule nesi aliingia akasimama katikati ya sebule, akafumba macho. Akasema, "Mama, hapa ni nyumbani kwa bibi yangu kabisa." Akapita korido, akachungulia kile chumba cha nyuma, chungu cha kahawa nilikuwa nimekiweka humo humo kwenye jiko la mkaa. Hakusikia kitu. Alikula maandazi manne. Tukapatana, akasema Jumamosi anakuja na mume wake tuandikishane mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Robhi nikampigia, akapiga vigelegele kwenye simu. Akasema kesho yake fundi anaanza kuchimba msingi.

Sasa ikafika Ijumaa.

Ilikuwa saa saba hivi mchana. Nilikuwa nimekaanga buni nyingine na kahawa iko motoni, maana niliogopa ule mvuke ukiisha kabla ya Jumamosi harufu itarudi. Mbwa wangu alikuwa amelala mlangoni. Nikasikia mtu anasema hodi, nikainua macho, yuko tayari ndani ya sebule. Mbwa hakubweka. Mbwa aliondoka akaenda kulala nyuma ya choo.

Mwanamume wa makamo. Shati jeupe limenyooshwa, suruali nyeusi, kofia mkononi. Hakunipa shikamoo. Mtu wa umri ule kwa bibi kama mimi, nikasema moyoni huyu hakufundwa.

"Nimesikia nyumba inauzwa."

"Imeshapata mtu, baba. Umetoka wapi?"

"Gorong'a. Nimekuja kwa miguu."

Kutoka Gorong'a kwa miguu, kwa jua lile? Nikasogea nimpe kiti, na hapo ndipo nilipoanza kushtuka. Sikiliza vizuri hapa. Wewe una harufu yako. Mimi nina yangu. Mtu aliyetembea kutwa ananuka jasho, vumbi, viatu. Hata aliyeoga ananukia sabuni. Hata mtoto mchanga ananukia maziwa. Yule mtu hakuwa na harufu yoyote. Nilipita karibu naye hivi, kama wewe ulivyo hapo, na pua yangu haikukuta mtu. Ilikuta hewa tu. Lakini mimi nina mdomo, hofu ikinipata ndiyo naongea zaidi. Nikamkaribisha kahawa.

Akasema, "Epua hiyo kahawa. Nataka kuinusa nyumba."

Kwa nini niliepua? Mpaka leo najiuliza. Niliichukua nikaipeleka uani, nikafunika na sufuria. Nilivyorudi nikamkuta ameweka pua ukutani, anatembea nayo ukutani taratibu, kama mbuzi anayetafuta chumvi.

"Hapa yalimwagika maziwa ya mgando."

Kweli yalimwagika, kibuyu kizima, siku tuliyohamia.

"Hapa mtoto alikuwa anakojoa."

Nikacheka. Pale ndipo Robhi alipolala akiwa mdogo, mkojo wake ulikula saruji. Nikamwambia, "Baba, wewe pua yako siyo ya kawaida." Na kwa ukweli nilianza kumpenda, maana alikuwa ananirudishia miaka. Akanusa ilipokuwa meza, akasema ugoro. Mzee wangu alikuwa anavuta ugoro. Akanusa kizingiti, akasema mvua. Halafu akaingia korido. Nikamwambia kule nyuma ni stoo tu, hakuna kitu. Akapita moja kwa moja.

Alipiga magoti kwenye kona ya kile chumba, pale kilipo kichwa cha kitanda. Akaweka pua kwenye ile kona, kisha akatoa ulimi akalamba chokaa. Aliilamba ikatoka, niliona udongo wa chini. Akavuta pumzi. Akavuta, akavuta, kifua kinajaa, shati linakaza mpaka kifungo kikaruka, na bado anavuta. Halafu akageuka akanipumulia.

Niamini ndugu yangu, hapo ndipo niliposikia kile walichokuwa wanakisikia wenzangu miezi yote ile. Usaha. Usaha wa zamani uliokauka juu ya usaha mpya. Na ule utamu mbaya wa nyama inayooza huku mwenyewe bado anaongea. Ilinishika kooni kama kidole. Akakaa kwenye kile kitanda cha kamba nilichokuwa nimeacha humo, akapandisha suruali mguu wa kushoto.

Mguu ulikuwa ule ule. Niliishi na mume wangu miaka arobaini, mguu wake naujua. Kidonda kimeanzia kwenye kisigino kimepanda mpaka nusu ya ugoko, kingo nyeusi, katikati njano, na ndani ya ile njano kuna vitu vyeupe vinacheza. Nzi walikuwa wameshafika, sijui waliingilia wapi, dirisha lina wavu.

Sasa ngoja nikupe ile nusu ambayo Chacha hana.

Kila mtu Nyamisangura atakwambia nilimuuguza mzee vizuri. Si kweli. Mwanzoni nilimuosha, ndiyo. Miezi ya mwisho nilishindwa. Nilikuwa nikifungua ule mlango, tumbo linapanda. Nilijifunga kitenge puani, nikatia na mafuta ya mchaichai puani, haikusaidia. Ikafika nikawa nasukuma bakuli la uji kwa mguu, linaingia ndani, navuta mlango nafunga. Yeye anaita, "Mama Robhi, kaa kidogo." Mimi najibu, "Nina chungu jikoni, kinaungua." Sikuwa na chungu. Nilikuwa nakaa uani natema mate. Akaita siku nyingi. Halafu akaacha kuita. Asubuhi moja nilifungua nikakuta bakuli la jana halijaguswa, na la juzi, na mafunza yameshapanda mpaka kwenye paja. Hata sijui alikata roho siku gani. Majirani niliwaambia alifia mikononi mwangu. Robhi nilimwambia hivyo hivyo.

Basi yule mtu, na ule mguu, akanitazama. Sura haikuwa ya mzee wangu, nisikudanganye, sura ilikuwa ya mgeni. Lakini sauti ilikuwa ile ya mwisho, iliyokauka.

"Mama Robhi. Kaa kidogo."

Kulikuwa na nafasi kitandani pale ubavuni mwake. Aliipapasa kwa mkono.

Nilijua kabisa ninachotakiwa kufanya. Nataka uelewe hilo. Hakuna mganga aliyenifafanulia baadaye, nililijua pale pale nimesimama. Nikae tu. Hata kidogo, hata kwa muda wa kunywa chai. Nikapiga hatua moja, harufu ikanipiga, nikatapika kwenye kanga yangu mwenyewe. Nikapiga ya pili. Funza mmoja akadondoka sakafuni, akajikunja. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango.

Hakukasirika. Alisema kwa upole kabisa, kama mtu aliyechoka, "Basi funga mlango, kama ulivyozoea."

Nikaufunga. Nakwambia niliufunga.

Chacha alinikuta uani, nimekaa chini karibu na bomba, kanga imelowa matapishi. Nikamwambia kuna mtu chumba cha nyuma. Akachukua fimbo, akaingia. Nikasikia mlango unafunguka, halafu akaita.

"Bibi, hamna mtu humu."

"Angalia chini ya kitanda."

"Hamna. Dirisha lina nondo, atapita wapi? Lakini bibi, umefanya nini? Njoo unuse."

Sikwenda. Yeye akatoka anacheka, anavuta pumzi kama mtu aliye mlimani. Harufu ilikuwa imekwisha. Alisema chumba kinanukia chokaa mpya. Kona moja tu chokaa imetoka, akapaka mwenyewe ikawa sawa. Halafu akanisogelea aniinue, nikaona amegeuza uso pembeni, ameziba pua na kiwiko. Nikadhani ni yale matapishi.

Jumamosi nesi akaja na mume wake. Sikupika chochote, sikuwa na nguvu. Wakazunguka nyumba nzima, mume akaingia kile chumba akasema, "Hiki cha watoto." Tukaandikishana kwa mwenyekiti. Nesi alikaa mbali na mimi, nikadhani anaringa. Ndani ya gari kwenda Mugumu, nikielekea kwa Robhi, watu walifungua madirisha yote, nikadhani ni joto. Mtu anadhani mengi.

Nilifika Mbalibali wajukuu wananikimbilia, mikono wameinyoosha. Wakafika karibu wakasimama. Wote wanne, kama wamefika kwenye waya. Yule mdogo, Ghati, hajajua kuficha, akasema, "Bibi, una panya amekufa kwenye nguo?" Robhi akamchapa kofi. Kisha na yeye akanikumbatia, nikasikia kifua chake kimejizuia. Hakupumua mpaka aliponiachia.

Nimeoga na majani ya kila aina. Nimepelekwa zahanati, daktari kanivua mpaka nguo ya ndani, kavaa barakoa mbili, anasema, "Bibi, ngozi yako nzima, huna hata mchubuko." Wachungaji wameniombea, wamesimama mlangoni wakaniombea kutokea huko. Mimi sisikii kitu. Nikinusa mkono wangu nasikia mkono. Wao ndio wanaosikia.

Robhi chumba alinijengea, mwanangu hana ubaya. Ila hakukijenga ubavuni mwa chake, ule msingi wa kwanza aliuacha. Kiko kule mwisho kabisa wa boma, nyuma ya zizi, ng'ombe nao wamehamia upande wa pili wa uzio. Asubuhi namsikia anakuja na uji, hatua zinapungua kasi zikikaribia. Nasema, "Robhi, kaa kidogo tuongee." Anasema ameacha kitu motoni. Simuulizi ni kitu gani. Najua ananipenda. Na mimi mzee nilimpenda.

Kwa hiyo nisikilize. Ukienda kununua nyumba ukakuta mwenye nyumba amebandika kahawa, au anakaanga maandazi saa za ajabu, mwambie kwa heshima aepue, afungue madirisha, wewe urudi kesho yake bila kumwambia. Unuse kona. Hilo ni la kwanza, na ni dogo. La pili, kama kuna mgonjwa kwako, na anaoza, na tumbo lako linapanda, ingia tu. Tapika ukitapika, jifute, ukae. Usifunge ule mlango.

Nimekuona umesogeza kigoda mara tatu tangu nianze. Usione haya, mwanangu. Kaa huko huko upande wa mlangoni, upepo unatokea huko kwako. Mimi nitapaza sauti.